Kufuatilia nasaba ya ukoo Bagamoyo: mdomo, sanduku na vitabu

Mama mzaa babu yangu, upande wa baba, nyumbani alijulikana kwa jina moja tu: Bibi Maria. Jina la baba hana, kijiji cha kwao hakitajwi, na wazee walipoulizwa walijibu kwa mkato: "Aliletwa na mapadri akiwa mdogo." Nilimtafuta kwa miaka mitatu. Naandika hapa njia niliyoipita, pamoja na mahali nilipopotea, kwa sababu mwambao huu umejaa familia zenye Bibi Maria wao, au Babu Mabruki wao, au Mnyamwezi aliyeshuka na mzigo wa pembe asirudi tena bara.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Watu walifika hapa wakiwa wapagazi, mateka, askari, wachuuzi, na wengi walibadili jina hapa hapa: kwa kusilimu, kwa kubatizwa, au kwa kuachwa huru. Ukimfuata mtu kwa jina peke yake utakwama. Fuata waliomzunguka: aliyemsimamia ubatizo, aliyeshuhudia ndoa yake, aliyejenga ubavuni mwake, aliyechezwa naye mwali. Jina huenda alilibadili mara mbili au tatu, lakini waliokuwa naye ni wale wale.

Hatua ya kwanza: daftari na namba

Nunua daftari gumu la kurasa nyingi. Wewe jipe namba 1, baba yako 2, mama yako 3. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Kanuni ni rahisi: chukua namba ya mtu yeyote, izidishe kwa mbili upate baba yake, ongeza moja upate mama yake. Ukiacha wewe mwenyewe, wanaume wote wataangukia shufwa na wanawake witiri, hivyo hata ukurasa ukichanika utajua ulikuwa wa nani. Bibi Maria kwangu ni namba 9.

Kila mtu apate ukurasa wake: majina yake yote pamoja na ya utani, alikozaliwa, alikokaa, alioa au aliolewa na nani, watoto, alikozikwa. Chini kabisa andika nani amekuambia na lini. Mstari huo wa mwisho usiuache hata siku moja. Mimi mwanzoni niliuacha, na baadaye nikawa na majina mawili tofauti ya mtu mmoja bila kujua lipi lilitoka kwa shangazi aliyemwona kwa macho na lipi lilitoka kwa binamu aliyesikia msibani.

Hatua ya pili: sanduku la chini ya kitanda

Kabla ya ofisi yoyote, omba kuona sanduku la familia. Wazee wa pwani hawatupi karatasi yenye muhuri. Humo utakuta vyeti vya ndoa, kadi za TANU, vyeti vya kuachishwa jeshi kwa waliopigana KAR (jeshi la wakoloni wa Kiingereza), barua, hati za viwanja, na stakabadhi za kodi zilizokunjwa mara nne. Stakabadhi za kodi usizidharau. Wajerumani walianza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1898, Waingereza wakaendelea na kodi yao, na kodi ya kichwa haikufutwa hadi 1969. Kwa mtu asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa, kipande hicho ndicho karatasi pekee ya serikali inayosema kwamba mwaka fulani alikuwa hai, tena mtu mzima, na alilipa kodi mahali fulani.

Piga picha kila karatasi mbele na nyuma, kisha irudishe ulipoitoa, mbele ya mwenyewe. Usiondoke na sanduku hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya tatu: wazee

Hapa ndipo penye kazi, na hapaharakishwi. Usimwendee mzee na kalamu mkononi. Piga hodi, toa shikamoo, uliza habari za mwili na za watoto, na safari ya kwanza usiulize chochote cha ukoo. Ya pili, mwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, na akikataa kubali. Akikubali, muache asimulie apendavyo, maana ukimkatiza kumwuliza mwaka atakwambia mwaka wowote ili akuridhishe.

Maswali yanayozaa matunda si yale ya "Babu yako aliitwa nani?" Muulize alikuwa akienda msibani kwa nani. Ndoa ya mama yake walikaa nani mkekani? Nani alikuwa mtani wao kwenye maziko? Watani usiwapuuze hata kidogo: kazi yao msibani iliwalazimu kujua nani ni wa ukoo gani, na mara nyingine mtani atakutajia asili yako ambayo ndugu zako wenyewe wameifunika. Kwa upande wa wanawake, uliza walichezwa pamoja na akina nani. Wasichana waliotolewa mwali pamoja walikuwa rika moja, basi ukipata mwaka wa mmoja umewakadiria wote.

Kwa Wakwere, Wazaramo, Wazigua na Waluguru kuna jambo la zaidi. Jadi zao ziliuhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Ukiuliza "baba wa baba" tu, utapata majina mawili na ukuta. Uliza "mjomba wa mama yako alikuwa nani, na aliirithi nafasi ya nani?" Mara mzee ataanza kushuka nasaba ambayo hukuijua.

Sasa neno gumu. Katika familia nyingi za hapa kuna utumwa, ama wa aliyefanywa mtumwa ama wa aliyemiliki, na mara nyingi zote mbili ndani ya nyumba moja. Usiulize habari hiyo mbele ya watu, usiulize mbele ya wakwe, na kamwe usiitangaze kwenye kundi la simu la ukoo bila idhini ya wazee. Mzee wangu mmoja alininyamazia miezi minane, kisha siku moja, tukiwa wawili tu, akanena lote. Sikiliza pia maneno yenyewe. Mzalia ni aliyezaliwa utumwani hapa hapa pwani. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, na mtoto aliyezaa na bwana huyo alihesabiwa mwungwana. Mzee akisema "mama yake alikuwa suria wa fulani," amekupa jina la mwanamume ambalo unaweza kulitafuta kwenye karatasi.

Majina kama Mabruki, Feruzi, Marijani na Farajala yalipewa sana watumwa, lakini jina pekee halithibitishi kitu, maana waungwana pia waliyatumia baadaye. "Bin Abdallah" nayo ipokee kwa tahadhari: aliyesilimu bila baba Mwislamu mara nyingi alipewa Abdallah kuwa baba, kwa maana ya mja wa Mungu. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikimtafuta Abdallah ambaye hakuwahi kuishi.

Kabila nalo lishike kwa mkono mlegevu. Babu wa mama yangu aliitwa Mnyamwezi, nikaandika barua mpaka Tabora. Baadaye nikaelewa kwamba kwa watu wa mji wa zamani, karibu kila mpagazi kutoka bara aliitwa Mnyamwezi. Vivyo hivyo Wamanyema: jina hilo limewakusanya Wakusu, Wabangubangu, Wagoma, Wabwari na wengine kutoka mashariki ya Kongo. Likikutokea, swali linalofuata ni "Manyema gani?"

Hatua ya nne: kugeuza kumbukumbu kuwa mwaka

Wazee hawakuhesabu kwa tarakimu, walihesabu kwa matukio. Andika nyuma ya daftari orodha ya matukio ya mji na miaka yake. Kimbunga kilichobomoa majengo ya misheni hapa na kuangusha mikarafuu Unguja ni cha Aprili 1872. Mwili wa Livingstone, ulioletwa na watumishi wake akina Susi na Chuma, ulifika Februari 1874. Vita vya Abushiri ni 1888 hadi 1889, alipokamatwa akanyongwa Pangani mwezi Desemba. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na miaka ya tisini hiyo ndiyo ya nzige na njaa kubwa. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Kanisa kubwa la misheni lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Waingereza waliingia mjini Agosti 1916.

Shangazi aliponiambia kwamba babu yangu alizaliwa "mama yake akibeba mawe ya kanisa," nilipata dirisha la miaka minne bila cheti chochote. Pale ambapo hakuna tukio, hesabu miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, na uandike neno "kadirio" kando yake.

Hatua ya tano: jina moja, mikono minne

Kabla hujafungua kitabu cha zamani, jifunze jinsi kila mgeni alivyoyasikia majina yetu. Mjerumani aliandika j yetu kwa dsch na ch yetu kwa tsch, kwa hiyo Juma ni Dschuma na Chande ni Tschande. Y yake ni j, ndiyo maana mji wenyewe unaandikwa Bagamojo. Mfaransa aliandika u kwa ou na j kwa dj: Djouma, Ouzigoua, Oukami. Katika khati za Kiarabu hali ni nyingine, maana herufi hizo hazina p, v wala g yetu, na waandishi wengi walitumia b, f na ghaini badala yake. Pangani inaweza kusomeka "Banghani."

Kila jina unalolitafuta liandike kwa namna zote nne kwenye karatasi moja, uende nayo kila ofisi. Nimeona mtu akirudi mikono mitupu kwa kuwa alitafuta herufi J katika faharasa ya Kijerumani, na babu yake amelala kwenye D.

Hatua ya sita: vitabu vya kanisa

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Unguja. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalea, na walipooana waliwapa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Kutoka hapa walifungua Mhonda mwaka 1877, Mandera 1881 na Morogoro 1882, na baadhi ya familia za Bagamoyo zilihamia huko. Kwa hiyo mtu aliyepotea katika vitabu vya hapa huenda hakufa, alihama.

Vitabu vya ubatizo si mali ya umma, ni vya parokia. Nenda ofisi ya parokia ukiwa na kitambulisho, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na karatasi fupi inayoeleza unamtafuta nani na uhusiano wenu. Usiombe "kuangalia vitabu vyote." Taja jina na kipindi cha miaka kumi. Kupiga picha kuna ruhusa yake, iombe kando.

Vimeandikwa kwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia. Natus au nata ni amezaliwa. Baptizatus au baptizata, amebatizwa. Filius ni mwana wa kiume, filia wa kike. Patrinus ni baba wa ubatizo, matrina mama wa ubatizo. Uxor ni mke, testes ni mashahidi, obiit ni alifariki, sepultus alizikwa. Circa ni "kama" au "takriban," na utaiona sana mbele ya umri. Yanayouma ni mawili, parentibus ignotis: wazazi hawajulikani.

Bibi Maria nilimkuta hivyo. Jina, takriban miaka minane, wazazi hawajulikani, na mama wa ubatizo mwenye jina moja tu kama yeye. Nilikaa nikautazama mstari ule muda mrefu, nikidhani nimefika mwisho. Kisha nikafanya jambo ambalo nakusihi nawe ulifanye: nikaacha kumtafuta Maria, nikamtafuta mama yake wa ubatizo. Siku ile ile alikuwa amewasimamia wasichana wengine watano. Nikawafuata wote watano katika kitabu cha ndoa, na kwa mmoja ikatajwa Mandera. Nikapanda gari hadi Mandera, nikauliza kwa jina la ubatizo na la mume, na siku ya pili nikakaribishwa nyumbani kwa wajukuu zake. Mzee wa nyumba ile, bila mimi kumtajia jina lolote, alisema bibi yake alikuwa akimtaja "Maria mdogo" waliyekuja naye jahazi moja, na kwamba wote wawili walitoka kwa Wanyasa, huko ziwani. Nililia mbele ya watu nisiowajua, nao wakaniita ndugu.

Tazama pia pembezoni mwa mstari wa ubatizo. Kanisa Katoliki, hasa tangu 1908, hutaka ndoa irudishwe kuandikwa kwenye kitabu alikobatizwa mtu, hata kama ilifungwa parokia nyingine. Maandishi madogo ya pembeni ndiyo yatakayokwambia alienda wapi.

Hatua ya saba: upande wa Waislamu

Hapa hakuna kitabu kimoja kikubwa, kuna karatasi nyingi ndogo: hati za kuuziana mashamba na nyumba, wakfu wa misikiti, wasia, talaka, barua. Nyingi za zamani ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mpelekee mwalimu wa madrasa mwenye umri, aliyezoea khati hizo. Kijana anayejua Kiarabu peke yake atakwama, kwa kuwa lugha iliyoandikwa pale si Kiarabu. Soma sana mashahidi walioko chini ya hati: mara nyingi ni ndugu wa wauzaji, na kila mmoja ametajwa na jina la baba yake.

Tarehe zitakuwa za Hijria. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Hati ya mwaka 1306 inaangukia 1888 na 1889, yaani wakati wa vita vya Abushiri.

Ukikuta hati ya uhuru, ambayo Wajerumani waliiita Freibrief, itunze kwenye bahasha kavu. Kwa amri yao, watoto wote waliozaliwa na watumwa baada ya 31 Desemba 1905 walihesabiwa huru, lakini utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kabisa hadi Waingereza walipotunga sheria mwaka 1922. Kwa hiyo usishangae kumkuta mtu akijikomboa mwaka 1910.

Hatua ya nane: mahakama na ofisi

Mafaili ya mirathi ya Mahakama ya Mwanzo ni hazina ambayo watu hawaikumbuki. Ili msimamizi wa mirathi ateuliwe, mahakamani hupelekwa muhtasari wa kikao cha ukoo, na humo huandikwa wake, watoto, na mara nyingi ndugu wa marehemu. Jua jina la marehemu na mwaka wa kesi, kisha omba kwa karani.

RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, itakusaidia kwa waliozaliwa karibuni zaidi. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, ila kwa miongo mingi haikuwalazimu Waafrika, kwa hiyo usivunjike moyo bibi yako asipoonekana. Madaftari ya shule za msingi kongwe yana jina la mzazi na mwaka wa kuandikishwa. Muone mwalimu mkuu.

Kwa vizazi vya mbali, nenda Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Kuna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, na vitabu vya wilaya ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za makabila, majumbe na koo. Kama babu yako alikuwa jumbe, akida au mwenye kesi ya shamba, nafasi yako ni nzuri; kama alikuwa mkulima wa kawaida, anza na kijiji chake badala ya jina lake. Familia zenye mguu Unguja ziende Kumbukumbu za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Nyaraka za mapadri wa Roho Mtakatifu zipo pia Chevilly-Larue, Ufaransa, na za serikali ya Kijerumani zipo Berlin. Huko andika barua pepe ukiwa na swali moja lililo wazi. Mtandao wa FamilySearch ni bure na unafaa kuhifadhi mchoro wako, ila usinakili ukoo uliopandishwa na mwingine bila kumwuliza ameupata wapi.

Hatua ya tisa: kalamu na penseli

Kilichothibitishwa na mashahidi wawili ambao hawakusikia mmoja kwa mwenzake, kiandike kwa kalamu. Kingine chochote, penseli. Mzee wa Mandera na mstari wa kitabu cha ubatizo havikutegemeana, kwa hiyo kufika kwa Maria misheni akiwa mtoto ni kwa kalamu. "Kwa Wanyasa" bado ni kwa penseli, maana ni mzee mmoja tu aliyesema.

Ukimaliza sehemu, isome mbele ya ukoo kwenye shughuli ambayo wote wapo, arobaini au harusi, na uache nafasi wakusahihishe. Mimi nilisahihishwa mara nne siku moja, na masahihisho matatu yalikuwa ya kweli. Kisha toa nakala mbili: moja kwa shangazi au mjomba mwenye nyumba isiyovuja, nyingine kwa kijana wa ukoo anayekaa mbali na hapa, ili moto au maji yasizipate zote.

Kurasa za namba 18 na 19, baba na mama yake Bibi Maria, nimeziacha tupu, na mbele ya kila moja nimeandika majina ya wale wasichana wanne waliobaki ambao bado sijafika kwa wajukuu zao.